Je, wajua simu inajuaje kibla iko wapi?

Laza simu yako juu ya baraza pale Lamu, fungua dira, nayo itakuonyesha kaskazini. Kibla iko karibu papo hapo, kwani Makka iko kaskazini mwa Lamu, ikikengeuka magharibi digrii 2 au 3 tu. Lakini simu haina sindano inayozunguka. Imejuaje?

Ndani yake mna magnetomita, kifaa kidogo kuliko punje ya mchele. Hupima nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo Lamu ni takriban mikrotesla 33 (mikrotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), kwa kufuata urefu wa simu, upana wake na unene wake. Simu ikilala sawasawa, vipimo vya urefu na upana vinatosha kupata pembe.

Taabu huanza ukiiinamisha. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako nguvu hiyo hulala sawa na ardhi bila kupanda wala kuzama, inapita Ethiopia, nasi tuko kusini yake. Kwa hiyo huku kwetu nguvu hiyo huelekea kaskazini huku ikipanda juu kwa takriban digrii 25. Elekeza simu kaskazini, kisha iinamishe ubavu kwa digrii 20. Sehemu ya ile nguvu inayopanda huingia kwenye kipimo cha upana, na hesabu hukosea kama digrii 9. London, ambako nguvu huzama ardhini kwa zaidi ya digrii 60, kosa hilo hilo hupita digrii 30. Sisi tuna nafuu kubwa!

Magnetomita peke yake haiwezi kujisahihisha, maana ukiizungusha simu huku mstari wenyewe wa sumaku ukiwa ndio mhimili, vipimo havibadiliki hata kidogo. Ndipo akselerometa inapohitajika: huhisi uvutano wa dunia, ikajua chini ni wapi, na programu ikaondoa kosa la mwinamo. Ndani ya mashua inayorushwa na mawimbi ya kusi, akselerometa nayo huchanganya mrusho na uvutano, kwa hiyo jairoskopu, kifaa kinachohisi mzunguko wa simu, husaidia kutuliza hesabu.

Na kwa nini huambiwa uchore nane hewani kwa simu yako? Spika ya simu ina sumaku yake. Unapoigeuza simu, sumaku ya spika hugeuka nayo, ya dunia haigeuki. Programu huzitenganisha kwa tofauti hiyo. Injini ya mashua iliyo kando yako haigeuki na simu, basi kuchora nane hakuiondoi. Sogea mbali nayo, ndipo upime.