Ziwa la mjini lianzie ukingoni

Miji yetu ya kandokando ya Ziwa Victoria ikitaka kuchimba ziwa dogo la bustani, swali la kwanza huwa ni kina chake: mita ngapi? Mimi naomba tuanze na ukingo. Ukuta wa zege uliosimama wima unapendeza machoni, lakini ngege, samaki wa asili wa Ziwa Victoria, hapati pa kuzalia humo.

Dume la ngege hufagia sakafu ya maji ya kina kifupi mpaka apate kiota kama sahani. Jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, na vifaranga wakitoka hukimbilia kwenye mimea. Kwa hiyo ukingo ushuke polepole, mita 1 kwenda chini kwa kila mita 5 au zaidi, wenye mchanga, mafunjo na yungiyungi. Katikati pabaki shimo refu la kuwahifadhi samaki wakati wa kiangazi.

Mtaro wa mvua usimwage maji moja kwa moja ziwani. Yapite kwanza kwenye shimo la kutuliza tope, halafu kwenye matete. Mbolea na maji machafu ya majumbani hurutubisha mwani, na usiku mwani huo huo hutumia oksijeni. Ukiona samaki wamejaa juu ya maji alfajiri wakihema, ndiyo sababu.

Nawasihi hasa kuhusu sato: msimpande humo. Ngege na mbiru, samaki wa jamii yake, ndio waliokuwa kitoweo cha Ziwa Victoria tangu enzi za mababu. Nyavu za makila, zinazonasa samaki kwenye mashavu, ziliwapunguza, kisha kuanzia miaka ya 1950 wakapandikizwa sangara na sato. Ngege akapotea karibu kote katika ziwa kubwa, akasalia kwenye maji madogo ya pembeni kama Ziwa Kanyaboli, huko Siaya, Kenya. Maji madogo ndiyo yaliyomwokoa, na ziwa la mjini linaweza kuwa mojawapo.

Lakini sato huzaliana na ngege. Ndoo moja ya vifaranga wa sato, iliyomwagwa kwa nia njema kabisa, inatosha kuanza kuharibu ukoo ambao hatuwezi kuutenganisha tena. Lango la maji liwekwe wavu, na mbegu ya ngege itoke kwenye maji ambayo samaki wake wamepimwa vinasaba, maana kifaranga chotara huwezi kumtambua kwa macho.