Tom Finney hakuhama Preston: kabla ya kusifu mapenzi, soma karatasi

Kila dirisha la usajili likifunguliwa simu yangu hupata moto, na kwenye magrupu ya WhatsApp wimbo ni uleule: wachezaji wa siku hizi hawana mapenzi na jezi, wanafuata hela, wazee wa zamani walianza na klabu moja wakamaliza nayo. Wanaolijua soka la Uingereza tangu enzi za redio hapo humtaja Tom Finney wa Preston North End. Mimi kazi yangu ni kusoma mikataba ya wachezaji kabla hawajaweka sahihi, na Finney ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote. Ila naupendea jambo jingine kabisa.

Tumpe kwanza haki yake ya uwanjani. Alizaliwa Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 5 Aprili 1922, karibu na uwanja wa Deepdale. Mguu wake wa asili ulikuwa wa kushoto, lakini aliufua wa kulia mpaka beki akawa hajui jamaa atampitia wapi. Alicheza winga ya kulia, akacheza ya kushoto, na umri ulipokwenda akasogezwa katikati kuwa mshambuliaji, na bado akazitikisa nyavu. Mechi 433 za ligi, mabao 187. Timu ya taifa mechi 76, mabao 30, na mashindano matatu ya Kombe la Dunia: 1950, 1954 na 1958. Waandishi wa soka wa Uingereza walimchagua mchezaji bora wa mwaka mara mbili, 1954 na 1957. Bill Shankly, aliyecheza naye Preston kabla hajaenda kuijenga Liverpool, alimsifia mpaka uzeeni.

Kuna picha yake ya mwaka 1956, uwanjani Stamford Bridge, mvua imenyesha na kona ya uwanja imegeuka dimbwi. Finney anamzunguka beki wa Chelsea huku amelala upande, na maji yanaruka pande zote mbili kama boti inakata kona. Preston wameichongea sanamu, iko nje ya Deepdale tangu 2004, na maji yake wamewekea chemchemi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na jicho langu hukimbilia miguuni: viatu vizito vya ngozi vya enzi hizo, ndani ya maji, na mtu bado anakata kona.

Kwenye kabati la makombe hakuna kitu cha maana. Preston walishuka daraja 1949, wakapanda 1951. Msimu wa 1952/53 walimaliza ligi na pointi 54 sawasawa na Arsenal, ubingwa ukaenda London kwa wastani wa mabao. Mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la FA Wembley, wakafungwa 3-2 na West Bromwich Albion. Mchezaji wa kiwango kile leo angekuwa ameshahama mara tatu.

Basi kwa nini hakuhama? Hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Mwaka 1952 timu ya taifa ilikwenda Italia. Huko Finney alifuatwa na rais wa klabu ya Palermo, mwanamfalme wa Sicily aitwaye Raimondo Lanza di Trabia. Ofa yenyewe ilikuwa hivi: pauni 10,000 za kusaini, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, bonasi, nyumba ya kifahari na gari. Preston wakati huo walimlipa pauni 14 kwa wiki wakati wa msimu, na si kwa ubahili: ligi ilikuwa imeweka ukomo wa mshahara tangu 1901, ulioanza na pauni 4, na hakuna klabu iliyoruhusiwa kuuvuka, hata mchezaji awe nani. Piga hesabu mwenyewe. Ile fedha ya kusaini peke yake ilikuwa sawa na mishahara ya wiki 714, yaani zaidi ya miaka 13 ya kukimbia kwenye matope ya Lancashire, jimbo la Preston.

Finney alirudi nyumbani akaupeleka ujumbe kwa viongozi wa klabu. Wakakataa. Hakukuwa na mazungumzo ya pili, wala rufaa, na msimu ulipoanza alikuwa kikosini kama kawaida.

Msomaji atauliza: mkataba wake si ungeisha? Ulikuwa ukiisha kila mwaka! Mikataba ya wakati ule ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Lakini mchezaji alifungwa na karatasi mbili: mkataba, unaosema atalipwa nini, na usajili, unaosema nani ana haki ya kumchezesha. Msimu ukiisha klabu ilitoa orodha ya wanaobakizwa, wanaouzwa na wanaoachwa. Ukiwa kwenye orodha ya wanaobakizwa, usajili wako ulibaki mikononi mwa klabu hata mkataba ukiwa umekufa. Ukikataa kusaini tena, hulipwi, na klabu nyingine ya ligi haikugusi. Fikiria dereva wa bodaboda ambaye makubaliano yake na tajiri yamekwisha, lakini tajiri ameifungia leseni yake kabatini, na vijiwe vyote vya mji vimekubaliana kutompokea mpaka tajiri aseme.

Waliojaribu kuruka ukuta walivunjika mguu. Mwaka 1950 beki wa England, Neil Franklin wa Stoke City, alikwenda Bogotá, kwa kuwa ligi ya Colombia wakati huo ilikuwa nje ya FIFA na haikujali usajili wa mtu. Hakumaliza hata mwaka, akarudi, akafungiwa, na timu ya taifa hakuiona tena. Kwa upande mwingine, John Charles wa Wales alikwenda Juventus kwa amani kabisa mwaka 1957, maana Leeds walizitaka zile pauni 65,000. Mlango ulikuwepo. Ufunguo alikuwa nao muuzaji.

Ndiyo maana namsifu sana baba yake Finney, kuliko makocha wote. Kijana alipokuwa na miaka 14 Preston walimtaka, na mzee akakataa kabisa mpaka mtoto amalize kujifunza ufundi bomba. Finney akalazimika kubeba spana mchana na kucheza mpira kwa muda uliobaki. Kisha ikaja vita, akawa mwanajeshi wa vifaru Misri na Italia, na mechi yake ya kwanza ya ligi akaicheza 1946 akiwa na miaka 24. Lakini ule ufundi hakuuacha. Alikuwa na biashara ya mabomba mjini akishirikiana na kaka yake, na watu wakamwita Fundi Bomba wa Preston kama vile ni kichekesho. Mimi sioni kichekesho. Miguu yake ilikuwa ya klabu, ila spana ilikuwa ya kwake.

Sisemi hakuipenda Preston. Aliishi humo hadi kifo chake Februari 2014, akawa rais wa klabu, akapewa cheo cha Sir mwaka 1998, na kila aliyemjua alimsema kwa upole wake. Ninachosema ni kwamba kubaki kwake si ushahidi wa mapenzi, kwa sababu hakuulizwa. Juzi nilikaa na kijana mmoja, mkataba uko mezani, na ukurasa wa nne kuna mstari: klabu itakuwa na hiari ya kuongeza mwaka mmoja. Hiari ya klabu peke yake. Kijana akasema, "Kaka, hiyo kawaida, mimi naipenda timu." Nikamwambia aipende, lakini mstari tuuandike upya, hiari iwe ya pande zote mbili.

Finney aliagwa Deepdale tarehe 30 Aprili 1960, nyonga ikiwa imechoka. Hata miezi tisa haikutimia, chama cha wachezaji kilichoongozwa na Jimmy Hill kikatishia mgomo, na Januari 1961 ukomo wa mshahara ukafutwa. Punde Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Usajili nao ukapigwa mahakamani mwaka 1963, George Eastham alipoishtaki Newcastle na Jaji Wilberforce akasema kumbakiza mtu namna ile ni kumzuia kufanya kazi yake.

Na mwaka huohuo, Septemba, Distillery ya Belfast walipangwa na Benfica ya Eusébio kwenye Kombe la Ulaya. Wakamwomba Finney awasaidie. Alikuwa na miaka 41, ameshastaafu, hana wa kumwomba ruhusa. Akavaa jezi yao, na mechi ikaisha 3-3.