Je, wajua kwa nini Ziwa Nyasa "hufuka moshi" katikati ya maji?

Ukisimama ufukweni Matema, wilayani Kyela, asubuhi isiyo na upepo, kuna siku utaona nguzo za moshi zikipanda mbali ziwani. Hakuna meli pale wala kisiwa. Moshi unapanda juu sana, unapinda kidogo, kisha unasogea taratibu kufuata hewa. Mgeni lazima aulize nini kinaungua. Hata David Livingstone, alipopita ziwa hili kwa mashua mwaka 1861, aliyafananisha mawingu hayo na moshi wa nyasi zinazoteketea.

Hakuna moto wowote. Ni visubi, wadudu wadogo wenye mabawa, mamilioni kwa mamilioni, waliokulia chini ya maji na kuamua kutoka kwa wakati mmoja.

Jibu la kwa nini wawe wengi hivyo linaanzia kwenye kina. Nyasa lina kina cha karibu mita 700, na maji yake hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Tabaka la juu lenye uvuguvugu hukaa juu ya maji mazito ya baridi, na ukishapita kama mita 250 oksijeni imekwisha kabisa. Samaki hawezi kuishi huko. Buu wa kisubi huyu, kinyume chake, huvumilia maji yenye hewa kidogo mno, na hiyo ndiyo salama yake. Mwili wake ni angavu kiasi kwamba ni shida kumwona majini, na ndani ana jozi mbili za vifuko vya hewa vinavyomwezesha kuelea kwenye kina anachotaka. Mchana hushuka gizani, mbali na macho ya samaki. Jua likizama hupanda kuwinda vijidudu vinavyoelea karibu na uso wa ziwa. Alfajiri anashuka tena. Kiumbe wa sentimita moja hivi anafanya safari hiyo kila siku! Mimi naona hili ni ajabu kuliko wingu lenyewe.

Akikomaa anapanda mara ya mwisho, anapasua gamba lake juu ya maji na kuruka. Wengi hutoka karibu na mwezi mwandamo. Wakiwa na mabawa hawana muda wa kula: madume hukusanyika na kucheza angani, na huo ndio moshi tunaouona. Majike huingia humo, hupandwa, hutaga mayai juu ya maji, na baada ya siku chache wote wamekufa. Kisubi anayetoka peke yake angeliwa na samaki au mbayuwayu kabla hajapata mwenza katika ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 29,600. Wakitoka wote kwa pamoja, walaji hushiba na bado visubi wanabaki tele.

Wingu likisukumwa nchi kavu, upande wa Malawi huwa ni neema. Watu hupunga masufuria na makapu yaliyopakwa mafuta, visubi wananata, wanapondwa na kukaushwa kuwa mikate myeusi ya kitoweo.

Ziwa Tanganyika halina moshi huu. Tofauti hiyo iliwahi kuwapa baadhi ya wataalamu wa uvuvi wazo la kuleta dagaa wa Tanganyika huku Nyasa, kwa kuamini kwamba buu hawa wanapotea bure bila kuliwa. Dagaa hao walikuwa wamekwisha kupandikizwa katika maziwa ya Kivu na Kariba. Wengine walipinga, na utafiti wa miaka ya 1990 ukaonyesha kuwa samaki wa Nyasa wenyewe wanawala buu hao tangu zamani, wakiwamo usipa, samaki wadogo wa ziwa hili. Dagaa hawakuletwa, nami nafurahi kwa moyo wote, kwa sababu ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na mgeni mmoja mlafi angeweza kuvuruga mengi.

Ukitaka kuwaona, fika ufukweni mapema, kabla upepo haujaamka, ukiwa na darubini. Mandhari ya nyuma ni Milima ya Livingstone, inayochomoza moja kwa moja kutoka majini, na wingu jeupe-kijivu huonekana vizuri mbele ya miamba yake myeusi. Ukikodi mtumbwi kuelekea kijiji cha Ikombe, tafuta mvuvi mwenyeji anayejua mwera, ule upepo mkali wa kusini mashariki, vaa jaketi la kuokolea, na mwombe akae mbali na wingu upande unakotokea upepo. Ukiingia ndani yake, visubi hujaa puani, mdomoni na machoni, na kupumua kunakuwa kazi. Weka kanga karibu ujifunike uso. Na wakati unasubiri, tazama mitini juu ya miamba: furukombe hukaa hapo akipiga jicho majini.