Fungua friji ya hosteli kabla hujaenda dukani

Kazi yangu ni usalama wa chakula, na mara kwa mara hunipeleka nje ya nchi kwa mafunzo. Posho ikiwa ndogo nalala hosteli na kujipikia. Nikishakabidhiwa ufunguo pale mapokezi, sipandi chumbani kwanza. Naingia jikoni. Nafungua friji, nawasha jiko kuona ni mafiga mangapi yanafanya kazi, natafuta sufuria yenye mfuniko na kisu kinachokata. Hapo ndipo naandika orodha ya kununua.

Wageni wengi huanzia dukani. Wanarudi na mifuko miwili ya nyama na maziwa, wanakuta friji imejaa mpaka mlangoni na nusu ya jiko haiwaki. Chakula kinaishia juu ya meza usiku kucha.

Ndani ya begi langu mna kipimajoto kidogo cha friji. Katika hosteli moja nilikiweka rafu ya kati saa 12 jioni, wakati kila mtu anapika. Baada ya nusu saa kilisoma nyuzi 11. Shirika la Afya Duniani linataka vyakula vinavyoharibika haraka vikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwa sababu kati ya 5 na 60 ndipo bakteria wengi huzaana upesi. Friji ile haikuwa mbovu. Mlango ulikuwa ukifunguliwa kila dakika, mtu ameingiza sufuria ikiwa bado inatoa mvuke, na mifuko imebanana hivi kwamba hewa baridi haina pa kupita. Nilikuwa nimepanga kununua kuku wa siku tatu. Nikanunua wa mlo mmoja, nikampika na kumla jioni ileile. Siku zilizobaki nilitegemea maharage ya kopo, mayai, viazi na mboga ambazo hazidai baridi kali.

Ndiyo maana nasema friji ndiyo inayoamua ununue nini. Ukipata nafasi, maziwa yaweke ndani kabisa, nyuma, wala si kwenye mlango ambako joto hupanda na kushuka. Nyama mbichi ikae rafu ya chini, ndani ya chombo chenye mfuniko, isije ikadondoshea maji yake kwenye saladi ya mwenzako. Hosteli ni mahali pa kushirikiana tangu mwanzo wake: mwaka 1909 mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, alikamatwa na mvua ya radi akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakalala darasani juu ya majani makavu, hapo akapata wazo la hosteli, na mwaka 1912 hosteli ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena, Ujerumani. Uzembe wako kwenye rafu unamfikia mtu usiyemjua hata jina.

Kuhusu wali naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu msafiri hupenda kupika mwingi mara moja ili kesho ale kiporo. Mchele mbichi huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujihifadhi kwa vijimbegu vigumu visivyokufa kwa maji yanayochemka. Wali ukiachwa ndani ya sufuria upoe polepole, vijimbegu vinachipua, vinazaana na vinaweza kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiondoki ukipasha moto. Basi utandaze wali kwenye sahani pana upoe haraka, uuingize kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive, na uule kesho yake ukiwa umepashwa mpaka utoe mvuke katikati. Kama friji yenyewe ni ile ya nyuzi 11, pika wa kutosha sahani moja. Usibakize.

Dukani, lugha isikutishe. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo hata maneno matatu ya mwanzo yakitafsiriwa na simu yanakuambia unanunua nini hasa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, vizio 14, yaani vyakula vinavyoamsha mzio, kama karanga, maziwa na ngano lazima vijitokeze ndani ya orodha hiyo, mara nyingi kwa herufi nene. Tarehe nazo ni za aina mbili. Nchini Ufaransa, "à consommer jusqu'au" ni mpaka wa usalama: ikipita, usile. "À consommer de préférence avant" inahusu ubora tu. Biskuti zilizopitisha siku hiyo zinaweza kuwa zimelegea, lakini si sumu. Nimeona watu wakitupa tambi nzima kwa kuchanganya hizi mbili.

Angalia pia maandishi madogo kwenye lebo ya rafu, yanayotaja bei ya kilo au lita. Hata hivyo mfuko mkubwa wenye bei nafuu kwa kilo ni hasara kwa mtu wa usiku tatu.

Vitu vingine ni vya haraka. Beba kufuli lako. Usiweke begi kitandani kabla hujakagua mishono ya godoro. Vidoadoa vyeusi ni alama ya kunguni. Beba sponji yako ya kuoshea vyombo, maana ile ya jikoni imepita mikono ya watu wote na haikauki. Ubao wa kukatia uoshe kabla ya kuutumia, si baada tu, hasa ukiwa na mzio.

Kila mfuko wako uandike jina na siku ya kuondoka. Niliwahi kupoteza chakula cha siku mbili kwa kutoandika. Siku ya usafi, mfuko usio na jina hutupwa, na wahudumu wana haki kabisa.

Usiku wa mwisho sinunui kitu. Namaliza mayai na mboga, na asubuhi naacha chumvi, mafuta na tambi zilizobaki kwenye rafu ya bure, nikiandika juu yake tarehe niliyofungua.