Pu-erh ya zamani sio lazima iwe tamu

Kuna hii stori inazunguka eti pu-erh, ile chai ya Yunnan kule China inayogandamizwa kama kisahani, ukiitupia kabatini miaka 20 inageuka dhahabu. Jamani hapana. Kwanza ziko aina mbili. Ile mbichi, sheng, ndo inabadilika kweli, ikiwa changa ni chungu na inakausha mdomo, ikitunzwa vizuri miaka na miaka uchungu unapoa, maji yanakuwa kahawia na unaanza kupata ladha ya mbao, matunda makavu, saa nyingine kafuri kwa mbali. Ila shou, ile iliyoivishwa, weusi wake hautokani na umri kabisa, majani yanaloanishwa, yanarundikwa na kufunikwa, rundo linapata joto lenyewe vijidudu vinapiga kazi wiki 6 hivi au zaidi, mbinu iliyokamilishwa kiwandani Kunming, mji mkuu wa Yunnan, mwaka 1973. Kwa hiyo shou nyeusi tii inaweza kuwa ya juzi tu! Ikikaa miaka kadhaa harufu ya rundo inaisha inakuwa laini, zaidi ya hapo usitegemee maajabu.

Alafu stoo ndo kila kitu. Hong Kong kuna unyevu, chai inakomaa haraka ila inaweza kushika harufu ya udongo mbichi, Kunming hewa kavu inachelewa. Na majani yakiwa ya hovyo toka mwanzo, mbona yatazeeka na uhovyo wao. Walionunua kama hisa waliona cha moto 2007 bei ilipoporomoka.