Je, wajua kwa nini ni California pekee inayoweza kuyawekea magari kanuni zake za moshi?

Sheria ya hewa safi ya Marekani ina kitendawili ndani yake. Kwanza inakataza: hakuna jimbo lolote litakaloweka viwango vyake vya moshi kwa magari mapya. Mistari michache chini yake inalegeza kamba: jimbo lililokuwa limepitisha viwango vya aina hiyo kabla ya tarehe 30 Machi 1966 linaweza kuomba ruhusa. Jina la jimbo halitajwi. Ila ukiyapekua majimbo yote 50 unakuta lenye sifa hiyo ni moja tu, California. Ni kama lile tangazo la kazi lenye masharti ambayo mtaa mzima anayo mtu mmoja, na kila anayelisoma anajua nani keshaajiriwa.

Ili kuelewa kwa nini tarehe ile iliandikwa, inabidi kwenda Los Angeles. Mji umekaa kama ndani ya bakuli: mbele bahari, nyuma milima, na juu mara nyingi hutanda tabaka la hewa ya joto linaloizuia hewa ya chini isipande, mithili ya mfuniko wa sufuria. Baharia Cabrillo alipofika pwani hiyo mwaka 1542, aliuona moshi wa mioto ya wenyeji umetanda, akapaita Ghuba ya Moshi. Na hapo gari la kwanza lilikuwa bado karne kadhaa mbele.

Julai 26, 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, mji uliamkia ukungu wa moshi uliowachoma watu macho na koo. Wako waliodhani Wajapani wamewapiga kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama zikahamia kwenye kiwanda kimoja cha malighafi za mpira katikati ya mji. Kikafungwa kwa muda. Ukungu haukuondoka.

Aliyekifumbua kisa hiki ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akichunguza kinachoipa nanasi harufu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa mafuta ya petroli na oksaidi za naitrojeni, vikipigwa na jua, vinapikika humo hewani na kuzaa ozoni, gesi kali iliyomo katika ukungu ule. Alitumia hata vipande vya mpira vilivyokunjwa: kadiri ozoni ilivyozidi, ndivyo mpira ulivyowahi kupasuka. Maana yake, mhalifu alikuwa amejaa tele barabarani, na wakazi wenyewe ndio waliokuwa wameshika usukani. Kampuni za mafuta na za magari hazikuupokea ugunduzi huo kwa vigelegele.

California haikusubiri. Kwa magari ya toleo la 1966 ikaweka viwango vya kwanza nchini vya moshi unaotoka kwenye ekzosi. Serikali kuu ilikuja na vyake kwa magari ya toleo la 1968, vikifuata kwa kiasi kikubwa njia ambayo California ilikuwa imeshaichonga. Watengenezaji wa Detroit, mji wa viwanda vya magari, wakaingiwa na hofu: majimbo mengine yakiiga, watalazimika kuunda magari ya aina 50. Wakaomba kanuni iwe moja kwa nchi nzima. Wabunge na maseneta wa California wakakataa katakata, wakisema hewa yao ni mbaya kuliko ya wengine na wao ndio waliotangulia. Mwaka 1967 Kongresi, yaani bunge la Marekani, ikawapa kila upande chake: marufuku kwa majimbo yote, na mlango mmoja wenye tarehe juu yake.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna viwango vya gari na kuna viwango vya hewa. Vya gari, yaani gari jipya liruhusiwe kutoa uchafu kiasi gani, ni vya serikali kuu. Vya hewa, yaani hewa inayovutwa iruhusiwe kuwa na uchafu kiasi gani, pia hupangwa na serikali kuu, kupitia Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, lakini kazi ya kuvifikia inaangukia majimbo. Kila jimbo linaandika mpango wake, na likizembea linaweza hata kunyimwa fedha za barabara kuu. Sasa piga picha: unaagizwa uwanja uwe safi, nawe huruhusiwi kuugusa mwembe unaopukutisha majani humo. Ndiyo hali ya majimbo 49. California imepewa panga, ila kabla ya kila kukata ni lazima iombe.

Maombi hayo hupelekwa EPA. Shirika haliulizwi kama linaipenda kanuni. Sheria inasema litoe kibali isipokuwa likikuta moja kati ya mambo matatu: California imeamua kiholela kwamba viwango vyake kwa jumla vinalinda watu angalau sawa na vya taifa, haina hali ya pekee inayovidai, au muda na teknolojia havitoshi. Kwa miaka mingi vibali vilitoka kwa makumi bila kelele.

Mwaka 1977 mlango ukapanuliwa kidogo. Majimbo mengine yenye hewa chafu yakaruhusiwa kunakili viwango vya California, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi yao. Hakuna gari la tatu: ama la serikali kuu, ama la California. New York, Massachusetts na mengine zaidi ya kumi yamewahi kuchagua la pili, na ndiyo maana uamuzi wa Sacramento, makao makuu ya California, unawanyima usingizi wakuu wa viwanda walioko mbali kabisa na Pasifiki.

Mgawanyo huu unaonekana kwa macho. Fungua boneti ya gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani utaona kibandiko kinachoeleza limekidhi kanuni za nani: za EPA peke yake, au na za California pia. Ndugu yako anayeishi Los Angeles akitamani kununua gari jipya katika jimbo jirani kwa sababu ya bei, akisome kwanza. Lisilo na cheti cha California, likiwa halijatembea maili 7,500, halisajiliwi kwake.

Mara nyingine California imekuwa jiko la kuonjea mboga. EPA ilipoahirisha viwango vikali vya taifa mwaka 1973, iliipangia California viwango vikali zaidi vya mpito, ili kifaa kipya cha kusafisha moshi kianzie huko. Ni kile chenye matundu madogo madogo ambacho mafundi wetu hukiita masega, chenye platinamu ndani, ambacho vibaka wa Dar es Salaam na Nairobi wanakijua thamani yake kuliko wenye magari. Kwa kuwa madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli huyaua masega, ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane.

Ugomvi mkubwa ulianza gesi ya ukaa ilipoingia. California ilipitisha sheria mwaka 2002 ya kupunguza gesi za magari zinazoongeza joto duniani. Mwaka 2007 EPA ya utawala wa Bush ikaikatalia kibali, hoja ikiwa kwamba ongezeko la joto duniani si tatizo la California peke yake. Utawala wa Obama ukakitoa mwaka 2009. Trump akafuta kibali kingine mwaka 2019, Biden akakirudisha 2022. Desemba 2024 EPA ikaidhinisha kanuni ya kwamba ifikapo 2035 magari mapya ya abiria yatakayouzwa California yasitoe moshi, na mahuluti ya kuchajiwa, yanayotumia umeme na petroli, yakiachiwa nafasi ndogo.

Safari hii wapinzani hawakupitia EPA. Kongresi ilitumia utaratibu wa kufuta kanuni mpya za serikali, ingawa mshauri wa taratibu za Seneti alikuwa ameona kibali si kanuni ya aina hiyo. Juni 12, 2025, Trump alitia saini maazimio matatu ya kufuta vibali, na siku hiyohiyo California na majimbo mengine kumi yakaenda mahakamani.

Wakati mawakili wakibishana, liko jambo ambalo jimbo halihitaji kuliombea: gari likishauzwa na kuanza kutembea, ukaguzi wake ni wa jimbo. Katika sehemu kubwa ya California gari la petroli lenye umri wa kutosha hupelekwa kupimwa moshi kila baada ya miaka miwili, na lisipopita, usajili wake haurudiwi.