Kulala porini bure Ulaya Kaskazini: yanayosemwa na sheria inavyosema

Majira ya joto yakikaribia, makundi ya WhatsApp ya ndugu walioko ughaibuni hujaa video za aina moja: hema kando ya ziwa, birika linachemka, na sauti inayosema huku unalala popote, hulipi hata senti na hakuna wa kukuuliza. Sehemu yake ni kweli. Norwei, Uswidi na Ufini zinamruhusu kila mtu kutembea, kupumzika na kulala porini. Wanorwe huiita haki hiyo allemannsretten. Uskoti nayo ina sheria ya mwaka 2003 inayofanana nayo. Shida ni chumvi inayotiwa njiani.

"Ardhi yote huko ni ya serikali, ndiyo maana."

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapoisoma habari hii kichwa chini. Karibu nusu ya misitu ya mbao ya Uswidi ni mali ya watu binafsi, familia zenye hati zao, zinazokata na kuuza magogo. Haki ya kila mtu haimnyang'anyi mwenye msitu chochote. Atauza, atakata, atawarithisha wanawe. Asichoweza ni kumfukuza mpita njia asiyemharibia kitu. Kwetu Tanzania mambo ni kinyume chake: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, lakini jaribu kulala Kilimanjaro nje ya kambi zilizopangwa, au bila kulipa, uone. Nani mwenye ardhi ni swali moja, na nani aruhusiwe kupita ni jingine kabisa. Norwei waliiandikia sheria haki hii mwaka 1957, na Uswidi wakaitaja kwenye katiba mwaka 1994. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko maandishi yote hayo.

"Unalala popote."

Sheria ya Norwei inaigawa ardhi mafungu mawili: mashamba na viwanja vya watu, halafu pori. Hema ni la porini. Na huko porini kwenyewe lisiwe chini ya mita 150 kutoka nyumba au kibanda cha mapumziko chenye watu. Ukishalala mara mbili mahali pamoja, uhame au uombe ruhusa ya mwenyewe, isipokuwa uko juu milimani au mbali sana na makazi.

Kinachowaponza wageni ni kwamba shamba la huko halifanani na letu. Hakuna mahindi wala migomba ya kukuonyesha kwamba hapa pana mwenyewe. Ni majani tu, mabichi, yanayokufika magotini, nawe ukadhani umepata uwanda mzuri wa kusimika hema. Majani yale ni chakula cha ng'ombe kwa miezi yote ya baridi. Usiku mmoja wa hema na nyayo za watu wanne, na sehemu ile imelala chini, haivuniki vizuri.

Hizo mita 150 watu wamezibeba hadi Uswidi, ambako sheria haitaji mita zozote. Kipimo cha huko ni utulivu wa mtu nyumbani kwake. Mama mwenye nyumba akichungulia dirishani akakuona unapiga mswaki, uko karibu mno, hata kama umehesabu hatua mia mbili.

"Hata na gari unaingia."

Haki hii ni ya miguu. Baiskeli, farasi, skii na mtumbwi navyo vimo kwa masharti yake, gari halimo. Norwei na Uswidi zote zina sheria za miaka ya 1970 zinazokataza kuendesha gari porini nje ya barabara, na sheria ya Uskoti imeliweka gari nje ya haki hiyo. Wenye magari ya kulala wanafuata kanuni za maegesho kama kwingineko.

"Kambi bila moto si kambi."

Ladha yake naielewa. Lakini Norwei, kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba, hairuhusiwi kuwasha moto msituni au karibu na msitu, ila pale ambapo ni wazi kabisa hauwezi kuleta janga. Ufini unahitaji idhini ya mwenye ardhi. Uswidi, mamlaka za eneo hutangaza marufuku kukikauka, na baada ya misitu kuungua vibaya mwaka 2018 hakuna anayelichukulia tangazo hilo kwa mzaha.

Marufuku isipokuwepo, bado kuna kosa moja ambalo hata watu makini hulifanya. Wanaona jabali tupu kando ya maji, wanasema hapa hakuna cha kuungua, wanakoka. Jabali likipata joto la moto hubanduka vipande vipande na kupasuka, na kovu lake halifutiki. Ukikoka kwenye udongo mweusi wa mboji nao, moto huzama ukafuka chini kwa chini, wewe ukidhani umeuzima. Beba jiko dogo la gesi.

"Ni ya raia wao tu."

Si kweli. Mtalii, mwanafunzi, anayesubiri majibu ya kibali cha ukaazi, wote ni sawa.

"Matunda na samaki ni vya bure."

Matunda ya porini na uyoga, ndiyo, kikapu chako ujaze. Lakini kaskazini mwa Norwei, katika Nordland, Troms na Finnmark, mwenye ardhi anaweza kuwakataza watu kuchuma multe, yale matunda ya rangi ya chungwa yaotayo kwenye vinamasi. Akikataza, unaruhusiwa kula papo hapo tu, kubeba hapana. Samaki ni hesabu nyingine. Norwei, mgeni huvua baharini kwa ndoano bila kibali, ila mito na maziwa yana vibali vyake. Uswidi ndoano ni huru pwani na katika maziwa makubwa 5 tu: Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön.

"Uingereza nako ni hivyo hivyo."

Uskoti ndiyo, ingawa kwenye baadhi ya fukwe za hifadhi ya taifa ya Loch Lomond na Trossachs kuanzia Machi hadi Septemba utahitaji kibali, kwa sababu watu walizidisha takataka na ulevi. England ni habari nyingine. Sheria ya mwaka 2000 ilifungua milima na nyika kadhaa kwa watembea kwa miguu, bila hema. Mahali pekee palipobaki na haki ya kulala ni Dartmoor, nyika ya kusini-magharibi, chini ya sheria ya 1985, na hapo napo pamepiganiwa mahakamani. Mwezi Januari 2023 jaji alikubaliana na wamiliki wawili wa ardhi kwamba ile burudani ya nje inayotajwa na sheria haijumuishi kupiga hema. Julai mwaka ule ule Mahakama ya Rufaa ikamgeuka: mtembezi anaruhusiwa kupumzika na kulala, mchana au usiku, hemani au bila hema. Wamiliki wakapanda hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa Mei 2025. Hukumu hiyo lakini ni ya Dartmoor peke yake. Ukienda Lake District, ile milima na maziwa ya kaskazini mwa England, kisheria unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi kabla hujasimika hema.